Muhammed Said Abdulla: Bwana afya aliyemzaa Bwana Msa

Magharibi mwa mji wa Juba upo mlima ambao wenyeji na wageni huuita Jebel Kujur. Kujur, katika Kiarabu cha Juba, ni mganga anayesemezana na mizimu na kufichua yaliyofichika. Watu wanaoishi karibu na mlima wenye jina hilo hawahitaji kuelezwa sana kwa nini hadithi inayoanza na maiti iliyokutwa kwenye mzimu wa kale inavuta wasomaji. Hadithi hiyo iliandikwa Zanzibar zaidi ya miaka 60 iliyopita. Mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, anahesabiwa kuwa baba wa riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, Aprili 25, 1918. Alisoma Zanzibar na kumaliza masomo ya sekondari mwaka 1938. Kazi yake ya kwanza haikuwa ya uandishi. Aliingia Idara ya Afya akawa mkaguzi, yule ambaye watu wa pwani humwita bwana afya, na akakaa huko kwa takriban miaka 10.

Kazi ya bwana afya haina fahari. Hupita mtaa kwa mtaa, hutazama visima, vyoo na mitaro, huuliza nani anaumwa na tangu lini. Anayeifanya kwa miaka mingi huziona nyumba kutokea uani, si sebuleni tu, na hujifunza kwamba jibu la kwanza la mwenye nyumba si lazima liwe la kweli. Atakayesoma riwaya za Abdulla ataona kwamba mpelelezi wake anafanya kazi kwa namna hiyo hiyo.

Mwaka 1948 aliacha ukaguzi akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Afrika Kwetu na Al-Mahda. Magazeti hayo hayakuwa ya upande mmoja. Al-Falaq lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisimama na Waafrika, wakati siasa za visiwani zikizidi kupamba moto. Kufanya kazi katika meza zote mbili kulimaanisha kusikia jambo moja likisimuliwa kwa namna mbili, kila msimulizi akiwa na hakika yake. Mwaka 1958 alikwenda kuhariri jarida la kilimo la Mkulima, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 1968. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta akiwa katika kazi hiyo.

Umaarufu wake ulianza na shindano. Shirika la East African Literature Bureau, lililohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja, liliendesha mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili mwaka 1957 na 1958. Hadithi ya Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishika nafasi ya kwanza, na mwaka 1960 ikatoka kuwa kitabu. Mtu wa Makunduchi alipata wasomaji wa nchi nyingine kwa sababu palikuwa na chombo kimoja cha ukanda mzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo nalo lilikufa, na Kenya ikabaki na lake.

Kitabu hicho ndicho kilichomleta Bwana Msa. Wachambuzi wengi wameona ndani yake kivuli cha Sherlock Holmes: anavuta kiko, na rafiki yake Najum yuko pembeni kama Watson alivyokuwa pembeni mwa Holmes. Lakini Bwana Msa ni mtu wa Unguja hasa. Si askari, hana cheo, hana bastola ya kujivunia. Ni mtu mzima mwenye adabu, mcheshi, anayepiga hodi, akakaribishwa, akaketi na kusikiliza. Polisi wapo, na wana kazi yao, lakini fumbo hufumbuliwa na raia wa kawaida. Hata jina lake ni la karibu sana na mwandishi, kwani Msa ni herufi za kwanza za Muhammed Said Abdulla.

Uingereza, Agatha Christie alikuwa amefanya jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1930 alitoa riwaya yake ya kwanza ya Miss Marple, bibi kizee wa kijijini, msukaji wa sufu, ambaye watu walimdharau hadi alipomtaja muuaji. Mpelelezi wa aina hii huwavutia watu kwa sababu msomaji hujiona ndani yake. Afrika Mashariki ilipata pia mashujaa wa aina nyingine. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, jasusi kijana wa ndege, silaha na mahoteli. Gamba alipendwa na bado anapendwa, ila msomaji humtazama kwa mbali. Bwana Msa angeweza kuwa mjomba wake.

Mvuto huo una uzito wake. Kifo cha ghafla kinapotokea kijijini, mara nyingi kinachotafutwa kwanza si sababu bali ni mtu wa kulaumiwa. Mjane anayeishi peke yake, jirani mwenye ugomvi wa shamba, mgeni aliyehamia juzi, wote hawa huweza kunyooshewa kidole kabla maiti haijazikwa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, mahali penyewe alipokutwa marehemu panawapa watu jibu la haraka, kwamba mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa hawatukani wanaoamini hivyo. Anauliza tu nani alikuwa wapi, nani alimjua nani, na nani anafaidika. Mwishowe inabainika kwamba palikuwa na mkono wa mtu.

Riwaya zilizofuata zilishika njia hiyo. Kisima cha Giningi ilitoka mwaka 1968, jina la Giningi likiwa ni la mahali panapohusishwa na wachawi katika simulizi za visiwani. Kisha zikaja Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Mwaka 1984 ikatoka Kosa la Bwana Msa, na jina lake pekee linaonyesha kwamba mwandishi hakuona haya kumtaja mpelelezi wake pamoja na kosa. Kiswahili chake ni cha Unguja, kimejaa methali na mizaha ya barazani, na walimu wamekitumia kuonyesha jinsi watu wanavyozungumza wanapofichana jambo.

Abdulla alifariki mwaka 1991. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki miaka 25 baadaye, na leo wapo Juba watu wanaojifunza Kiswahili wakiwa watu wazima, kwa ajili ya biashara, safari au kazi. Atakayetaka kuvuka Kiswahili cha sokoni na kuonja kile cha barazani anaweza kuanza na Mzimu wa Watu wa Kale. Atakutana na maneno magumu, lakini hatakiweka chini kabla ya kujua nani aliua.