Wakili Aliyeshindwa kwa Kura

Wananchi wengi wanalijua jina la Kirilo Japhet. Ni wachache wanaomkumbuka aliyesimama ubavuni mwake. Leo tunamkumbuka marehemu Earle Seaton, mwanasheria Mweusi aliyezaliwa Bermuda mwaka 1924, akaja Tanganyika na kufanya kazi ya uwakili mjini Moshi.

Novemba 1951, serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wachache wapate mashamba ya mifugo. Nyumba zilichomwa moto, na wenyewe wakaamriwa kuhamia Kingori. Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, wakatafuta wakili.

Hapo ndipo elimu ya Seaton ilipowafaa wanyonge. Alijua kwamba Tanganyika haikuwa mali ya Mwingereza; ilikuwa nchi ya udhamini, na mdhamini huwajibika kutoa hesabu mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 yeye na Kirilo walifika New York, wakaieleza dunia dhulma ile. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu iliwaunga mkono Wameru, lakini katika Baraza Kuu lenyewe theluthi mbili ya kura haikupatikana. Kwa kura ile ardhi haikurudi.

Je, Seaton alishindwa? Kwa hesabu ya kura, ndiyo. Lakini serikali iliyozoea kuhukumu ilikuwa imehojiwa hadharani kwa malalamiko ya wakulima. Kirilo aliporejea alizunguka nchini akisimulia habari hizo, na TANU ilipozaliwa mwaka 1954 iliwakuta watu waliokwisha kufahamu kwamba mkoloni naye hushitakiwa.

Baada ya uhuru Seaton aliitumikia Tanzania kama Jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1967 yeye na Kirilo walichapisha kitabu juu ya shauri lile, ushahidi usifutike. Baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Shelisheli. Alifariki mwaka 1992.

Sisi hatumkumbuki kwa kumsifu tu. Migogoro ya ardhi ingalipo, na aghalabu anayeumia ni yule asiyejua sheria. Viongozi, nasi wana-Chama tukiwamo, hatuna budi kuwasikiliza wananchi kabla ya kuwahamisha, si baada ya nyumba kubomolewa. Dhulma haigeuki kuwa haki kwa sababu anayeitenda ni ndugu yetu. Nao wasomi wajiulize: elimu yao imesimama ubavuni mwa nani?