Tereza wa Lisieux: mtakatifu aliyeomba na hakupewa

Wakatoliki wengi wa Bukavu, Goma, Uvira na Kisangani wanamjua Tereza wa Mtoto Yesu. Kuna parokia na shule zinazobeba jina lake, na wagonjwa wengi wanafanya novena kwake, sababu anasifika kwamba anasikia haraka. Lakini yeye mwenyewe, alipokuwa hai, aliomba mambo makubwa na kubaki bila jibu.

Thérèse Martin alizaliwa tarehe 2 Januari 1873 mjini Alençon, Ufaransa. Alikuwa na miaka minne tu wakati mama yake, Zélie, alipofariki kwa kansa ya titi. Mnamo 1887 aliombea muuaji mmoja, Pranzini, aliyehukumiwa kukatwa kichwa. Aliposoma katika gazeti kwamba mtu huyo alibusu msalaba kabla ya kufa, aliamini kuwa Mungu amemsikia. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 15, akaingia monasteri ya Wakarmeli mjini Lisieux.

Kiisha mambo yakageuka. Mwezi wa pili 1889, baba yake Louis alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Caen. Alikaa kule zaidi ya miaka mitatu. Mjini watu walinong'ona kwamba ni mabinti wake, kwa kuingia utawa mmoja baada ya mwingine, ndio waliomvuruga. Mabinti waliomba apone. Hakupona, na alifariki Julai 1894.

Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya 1896, Tereza alikohoa damu. Ilikuwa kifua kikuu. Siku chache nyuma, wakati wa Pasaka, likaja jaribu lingine ambalo hakuna aliyeliona: wazo kwamba mbinguni hakuna kitu, kwamba baada ya kifo ni giza tupu. Jaribu hilo halikumtoka hadi mwisho, miezi 18.

Hapa ndipo picha zake zenye maua ya waridi zinadanganya kidogo. Wenzake katika monasteri walisoma mashairi yake juu ya furaha ya mbinguni, wakadhani anaishi humo tayari. Kumbe alikuwa anaandika yale aliyotaka kuyaamini. Aliandika Nasadiki kwa damu yake mwenyewe na kuibeba kifuani usiku na mchana. Juni 1897 alimweleza mama mkuu, Marie de Gonzague, giza hilo katika daftari, lakini akakatisha maelezo akiogopa kukufuru. Sala zake hakuziacha, wala kazi zake, mpaka nguvu zilipomwishia.

Wakarmeli wa Hanoi, nchini Vietnam, walikuwa wanamtaka. Novemba 1896 ilifanywa novena kwa Théophane Vénard, mmisionari aliyeuawa kule 1861, ili Tereza apone na kusafiri. Ugonjwa ukamrudia kwa nguvu. Akabaki Lisieux, akiandikiana na Maurice Bellière, kijana aliyejiunga na Mapadri Weupe, shirika lile lile lililoleta ukatoliki kwenye mwambao wa ziwa Tanganyika na Kivu. Bellière alipanda meli kwenda Algeria tarehe 29 Septemba 1897. Kesho yake Tereza akafariki, akiwa na miaka 24. Mwaka 1927, Papa Pius wa 11 alimfanya msimamizi wa misioni, yeye ambaye safari ya Hanoi ilimshinda.

Kuna ombi moja ambalo hakulichoka. Padri Hyacinthe Loyson, aliyekuwa Mkarmeli, aliacha Kanisa mwaka 1869 na kuoa. Huko Ufaransa wengi walikuwa wanamlaani. Tereza alikuwa anamwita ndugu yake, na alimwombea kwa miaka mingi. Tarehe 19 Agosti 1897, alipopokea komunyo ya mwisho ya maisha yake, aliitoa kwa ajili ya padri huyo. Loyson alifariki mwaka 1912 bila kurudi katika Kanisa.