Daktari Trowell na moyo unaobeba mzigo wa presha

Daktari Hugh Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea udaktari London. Mwaka 1929 alikuja Kenya kufanya kazi ya tiba chini ya serikali ya kikoloni. Miaka hiyo ya mwanzo, Mwafrika mwenye presha ya kupanda alikuwa mgonjwa wa nadra sana.

Mwaka 1935 alihamia Uganda, akatibu wagonjwa Hospitali ya Mulago na kufundisha madaktari wa Makerere. Wengi wanamkumbuka kwa kazi yake juu ya utapiamlo wa watoto. Lakini aliona jambo jingine pia. Kufikia miaka ya 1950, presha na moyo uliochoshwa na presha vilikuwa vimezoeleka wodini. Trowell aliamini sababu ni mabadiliko ya maisha: chumvi nyingi, vyakula vilivyokobolewa na unene. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza Afrika.

Je, presha huufanya nini moyo? Tazama mvuvi wa hapa Bwejuu anayevuta nyavu kila siku: mikono yake hujaa misuli. Moyo nao ni msuli. Presha ikipanda, moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi, na seli zake huvutwa na kukazwa. Kwenye ngozi ya kila seli kuna milango midogo sana. Seli ikivutwa, milango hufunguka na kalsiamu huingia. Ujumbe hufika ndani kabisa ya seli: mzigo umezidi, ongeza nyuzi. Seli hunenepa. Seli za moyo pia hutoa homoni ya kuziambia figo zitoe chumvi na maji zaidi, ili mzigo upungue.

Tofauti ni kwamba mvuvi hupumzika, moyo haupumziki. Mzigo ukidumu miaka, ukuta wa moyo huwa mnene na mgumu, makovu hujitokeza, na nafasi ya damu hupungua. Mwishowe mtu huishiwa pumzi na kuvimba miguu. Kabla ya hapo, huenda asisikie lolote.

Trowell alirudi Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, akawa kasisi. Baadaye akaandika tena kuhusu chakula na magonjwa, pamoja na Denis Burkitt, aliyekuwa mwenzake Uganda. Alifariki mwaka 1989.

Aliyoyaona yanatuhusu. Presha ilikuwa nadra, ikawa ya kawaida. Basi mengi yamo mikononi mwetu. Pima presha hata kama huumwi. Ikiwa 140/90 au zaidi kwa kurudia vipimo, uko kwenye hatari. Samaki wa chumvi mloweke na umwage maji kabla ya kupika, na usiongeze chumvi mezani. Ukiandikiwa dawa, usiache kwa sababu unajisikia vizuri: huenda ni dawa hiyo ndiyo inayokusaidia. Mzigo ukipungua, seli za moyo huhisi hilo pia, na moyo ulionenepa unaweza kupungua.