Al-Jahiz wa Basra: mwanachuoni aliyeshindwa na nzi akacheka



 Ndugu zetu Waislamu, Ijumaa ya leo tunapenda kuwasimulia maisha ya mtu ambaye vitabu vyake vimesomwa kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia moja, ilhali katika madrasa zetu hutajwa kwa nadra. Naye ni Abu Uthman Amr bin Bahr, aliyepewa lakabu ya Al-Jahiz, maana yake mtu mwenye macho yaliyotokeza.

Kilichotufanya tumkumbuke ni jambo tunaloliona katika baadhi ya nyumba zetu hapa Bariadi, na hatudhani kuwa Maswa, Meatu, Itilima na Busega wamesalimika nalo. Mzazi anaposhikamana na dini, hushikamana na kununa pia. Mtoto akirudi machungani akisimulia kwa kicheko namna alivyomwona dundu akiviringisha donge la samadi ya ng'ombe kubwa kuliko mwili wake, hukemewa kuwa anapoteza wakati kwa upuuzi. Mtoto huyo akikua, atakuwa amejifunza kwamba dini iko upande mmoja na furaha iko upande wa pili. Hilo ni jambo zito, na Al-Jahiz alilijadili mapema mno.

Alizaliwa mjini Basra, Iraq, yapata mwaka 160 Hijria, sawa na 776 Miladia, katika nyumba ya kimaskini iliyofungamana na kabila la Kinana. Wanahistoria wanaeleza kuwa babu yake alikuwa mtu mweusi aliyechunga ngamia. Yeye mwenyewe aliandika risala ya kuwatetea na kuwasifu watu weusi, na ndani yake amewataja Zanji, jina ambalo Waarabu waliwaita watu wa pwani yetu, akakitaja na kisiwa cha Lunjuya ambacho wataalamu wanakitambua kuwa ndicho Unguja. Kwa hiyo msomaji asidhani kuwa tunamleta mgeni asiyehusiana nasi.

Ujana wake ulikuwa wa dhiki. Alionekana akiuza mkate na samaki kando ya mfereji wa Sayhan, lakini kila alichopata alikielekeza katika elimu. Alisoma lugha kwa mabingwa wa Basra, akina Al-Asmai na Abu Ubayda, akasoma ilmul-kalami kwa An-Nadhdham. Alikuwa akienda katika soko la Mirbad kuwasikiliza mabedui wanavyozungumza, na alikodi maduka ya wauza vitabu akalala humo usiku kucha akisoma.

Inasimuliwa kuwa mama yake alichoshwa na hali hiyo. Siku moja kijana alipoomba chakula, mama alimletea sinia lililojaa madaftari, kumwonesha kuwa hayo ndiyo mavuno yake. Kijana akatoka kwa huzuni kwenda msikitini, akakutana na tajiri mmoja aliyemwuliza kisa chake, kisha akampa dinari hamsini. Al-Jahiz akanunua unga na mahitaji mengine, akarudi nyumbani na wapagazi nyuma yake. Mama alipotaka kujua vitu hivyo vimetoka wapi, akamjibu kuwa vimetoka katika yale madaftari aliyompakulia. Tunaona mzaha huu ulikuwa na adabu ndani yake, kwa kuwa alimjibu mama yake kwa kumjazia jiko.

Hakuwa mzuri wa sura, na jambo hili hakulificha. Yeye ndiye aliyesimulia kuwa mwanamke mmoja alimwomba afuatane naye mpaka kwa sonara, akamwonesha sonara kidole kwamba anataka kama huyu, kisha akaenda zake. Al-Jahiz alipouliza maana yake, sonara akamweleza kuwa bibi yule alitaka achorewe shetani katika kito cha pete, naye alikuwa amemjibu kuwa hajapata kumwona shetani. Hukumu ya kuchora picha kama hiyo tunaiacha kando leo. Tunachokitazama ni mtu mwenye elimu nyingi aliyekubali kisa hiki kisimuliwe, na msimulizi wa kwanza akawa yeye. Hata Khalifa Al-Mutawakkil, aliyetaka kumfanya mwalimu wa watoto wake, alipouona uso wake alibadili nia, akampa dirhamu elfu kumi na kumruhusu aende. Hilo nalo alilisimulia bila kinyongo.

Elimu yake ilimfikisha Baghdad katika zama za Khalifa Al-Maamun. Alipewa kazi ya ukatibu, akakaa siku tatu tu akaomba aachiwe. Maisha yake yote yaliyobaki alikula kwa kalamu yake, na vitabu na risala zinazonasibishwa kwake zinapita mia mbili. Kikubwa kuliko vyote ni Kitab al-Hayawan, Kitabu cha Wanyama, chenye juzuu saba, ambacho alimtunukia waziri Ibn az-Zayyat akapata dinari elfu tano.

Mtu angetarajia kitabu cha namna hiyo kijae simba na tembo, wanyama ambao sisi tunaopakana na Serengeti na pori la akiba la Maswa tunawafahamu. Simba na tembo wamo. Lakini Al-Jahiz aliwapa nafasi kubwa njiwa, mbwa, jogoo, chungu, mbu, nzi, na dundu huyohuyo wa samadi. Alishikilia kuwa ubawa wa mbu una dalili za hekima ya Muumba sawa na mlima, na kwamba anayekidharau kidogo hajajua kutazama. Msingi wa maneno hayo uko katika Qur'ani yenyewe. Katika Suratul-Baqara, aya ya 26, Mwenyezi Mungu anabainisha kuwa haoni haya kupiga mfano wa mbu. Katika Suratun-Naml tunaoneshwa Nabii Sulayman (A.S.), mfalme aliyetiishiwa majini na upepo, akitabasamu kwa kusikia maneno ya chungu mmoja.

Hakupokea kila alichoambiwa. Aristotle alimheshimu, lakini alimpinga pale alipoona maneno yake hayana ushahidi, na habari za mabaharia na wawindaji alizipima kwanza. Kuhusu dundu wa samadi alitaja habari iliyokuwa ikisimuliwa, kwamba harufu ya waridi humfanya azimie kama mfu, na akirudishwa katika samadi huchangamka. Angeishi zama zetu angefurahi zaidi, kwani mwaka 2013 watafiti wa Sweden na Afrika Kusini walionesha kuwa dundu huyo huongozwa usiku na mwanga wa mkanda wa nyota angani ili aviringishe donge lake kwa mstari ulionyooka. Watafiti hao walipewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha. Mtoto wetu wa machungani hakuwa katika upuuzi.

Kisa mashuhuri zaidi katika kitabu hicho ni cha kadhi wa Basra, Abdullah bin Sawwar. Kadhi huyu alikuwa na haiba isiyo mfano. Baada ya Sala ya Alfajiri alikaa barazani bila kuegemea, hatikisi mkono wala hageuzi shingo, utadhani ni nguzo iliyosimikwa, na hivyo ndivyo alivyokuwa mpaka jioni, isipokuwa kwa Sala. Siku moja, watu wakiwa wamemzunguka, nzi akatua puani pake. Kadhi akavumilia. Nzi akahamia katika pembe ya jicho, akaingiza mrija wake. Kadhi akavumilia, kisha akafumba na kufumbua macho. Nzi akaondoka kidogo akarudi palepale palipokwisha kuuma. Kadhi akazidi kupepesa macho, kisha akalazimika kumfukuza kwa mkono, na watu wote wanatazama wakijifanya hawaoni. Mwisho akamfukuza kwa ncha ya mkono wa kanzu, mara kwa mara. Hapo akakiri mbele ya watu kuwa ameshindwa na kiumbe dhaifu kabisa, akasoma aya ya 73 ya Suratul-Hajj, inayoeleza kuwa wanaoabudiwa kinyume cha Mwenyezi Mungu hawawezi kuumba nzi, na nzi akiwapokonya kitu hawawezi kukirejesha. Kadhi alipoteza haiba ya asubuhi moja, akapata somo la tawhidi. Al-Jahiz hakumcheka akiwa juu yake, kwa sababu papo hapo anasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyokimbizwa na nzi njiani, mpaka rafiki aliyekutana naye akacheka hata akakaa chini.

Katika kitabu chake kingine, Kitab al-Bukhala, kinachohusu mabahili, aliingia majumbani na jikoni mwa watu. Humo yumo jogoo wa mji wa Marw. Majogoo wa nchi nyingine huokota punje wakawapa mitetea, lakini wa Marw huwapokonya mitetea punje midomoni. Wamo na jamaa waliochanga mafuta ya taa ya pamoja, mwenzao mmoja akakataa kuchanga, basi kila taa ilipowashwa wakamfunga kitambaa machoni mpaka wakati wa kulala ili asifaidi mwanga.

Lakini akina mama wa Simiyu, ambao wanajua mwaka ambao pamba haikulipa, tunaomba wamtazame Maryam as-Sannaa. Huyu alimwoza binti yake akiwa amepambwa kwa dhahabu na hariri, mumewe akaingiwa na hofu kuwa mali hiyo ina asili gani. Maryam akamweleza kuwa tangu siku aliyomzaa binti yao, kila alipokanda unga aliweka pembeni konzi moja, na kilipotimia kipimo akakiuza. Mume akamshukuru Mungu, na wazee wa msikitini waliposikia habari hiyo wakamstaajabia Maryam. Sisi tunakiona kisa hiki kuwa bora kuliko vyote vya kitabu kile. Ni kisa cha konzi ya unga tu.

Hapana budi tuseme pia kuwa Al-Jahiz alikuwa Muutazila, na katika itikadi hatumfuati. Ibn Qutayba, mwanachuoni mkubwa aliyefariki mwaka 276 Hijria, alimlaumu vikali kwa kuchanganya mzaha na mambo ya dini, na katika baadhi ya mahali lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, katika suala la kicheko lenyewe Al-Jahiz alijitetea vizuri. Alikumbusha kuwa Mwenyezi Mungu katika Suratun-Najm, aya ya 43, amejinasibishia kuwa Yeye ndiye anayewafanya watu wacheke na walie, na kwamba Waarabu waliwaita watoto wao Dhahhak na Bassam kwa kutaraji kheri. Kicheko, kwake, kina mahali na kipimo, na kinacholaumiwa ni kupita kipimo. Nasi tunaongeza kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akimtania mdogo wake Anas, mtoto aliyeitwa Abu Umayr, kwa kumwuliza habari za kidege chake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, nayo ni hoja dhidi ya kila mzazi anayenuna.

Waziri Ibn az-Zayyat alipoanguka na kuuawa mwaka 233 Hijria, Al-Jahiz alikimbia, akakamatwa na kuletwa akiwa katika minyororo, kisha akasamehewa. Uzeeni alirejea Basra. Inasimuliwa kuwa aliwahi kusahau kunia yake kwa siku tatu, ikabidi aende kwa watu wa nyumbani kwake kuuliza anaitwa nani, wakamkumbusha kuwa yeye ni Abu Uthman. Ubavu mmoja ulipooza, na mwingine ukashikwa na jongo. Alipotembelewa na mwanachuoni Al-Mubarrad, alimweleza hali yake kuwa upande mmoja ungekatwa kwa msumeno asingehisi, na upande wa pili nzi akipita karibu yake huumia. Na kwamba kizito kuliko hayo yote ni miaka iliyokwisha kupindukia tisini.

Alifariki Basra katika mwezi wa Muharram mwaka 255 Hijria, yaani kati ya Desemba 868 na Januari 869. Wapo wanaosimulia kuwa vitabu alivyovipanga pembezoni mwake vilimwangukia, na katika udhaifu ule hakuweza kuviondoa. Wallahu aalam.