Baker: Afisa wa misitu aliyekwenda shule kwa wazee

NGOMA iliyorindima katika kambi moja ya misitu eneo la Kikuyu mnamo Julai 22, 1922 haikuwa ya mavuno wala ya harusi. Ilikuwa ngoma ya miti, na walioiandaa walikuwa afisa wa misitu Mwingereza, Richard St. Barbe Baker, na Chifu Josiah Njonjo, babake aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo.

Baker alizaliwa Oktoba 9, 1889 huko Hampshire, Uingereza. Akiwa kijana alihamia Kanada mnamo 1909, akasomea Saskatchewan na kufanya kazi ya kukata magogo. Huko alishuhudia ardhi iliyopokonywa miti ikipoteza udongo wake kwa upepo. Baada ya kupigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, alisomea misitu Cambridge, na mnamo 1920 akatumwa Kenya.

Alikuta misitu ikifyekwa kupisha mashamba, huku walowezi wakiwa wametwaa sehemu kubwa ya ardhi nzuri na wenyeji wakibanwa. Alipowahimiza wazee wapande miti, walimjibu kwamba hilo lilikuwa shauri la Mungu.

Afisa mwingine wa zama hizo huenda angetoa amri. Baker aliketi na wazee akajifunza mila zao. Aligundua kuwa walikuwa na ngoma ya kupanda maharagwe na ngoma ya kuvuna mahindi. Mbona basi miti isiwe na yake?

Kwa hesabu yake mwenyewe, vijana wapatao 3,000 walifika. Waliojitolea waliapa kupanda miti kumi kila mwaka na kuitunza miti kokote iliko. Wakajulikana kama Watu wa Miti. Elimu ya Cambridge ilikuwa imepata mizizi pale tu ilipokutana na elimu ya wazee.

Hata hivyo, serikali ya kikoloni haikumvumilia. Katika kumbukumbu zake, Baker anasimulia kwamba alijiweka kati ya afisa mwenzake na mfanyakazi Mwafrika aliyekuwa karibu kupigwa, na kitendo hicho kikamgharimu kazi yake Kenya.

Mnamo 1924 alianzisha tawi la chama hicho Uingereza, kisha akahudumu Nigeria. Kati ya 1952 na 1953 aliizuru Sahara kuchunguza jinsi jangwa linavyoweza kurudishwa nyuma kwa miti. Chama chake kilienea katika nchi nyingi, na leo kinaitwa International Tree Foundation.

Mnamo 1977, miaka 55 baada ya ngoma ile, Profesa Wangari Maathai alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani akiwategemea akina mama wa vijijini. Naye alifahamu kwamba mche usio na mwenyewe hukauka.

Baker alipanda mti wake wa mwisho Saskatoon, Kanada, mnamo Juni 5, 1982, Siku ya Mazingira Duniani. Siku nne baadaye aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 92.