MAISHA YA IMAMU GHAZALI NA MIZANI YA HOJA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemtukuza mwanadamu kwa akili, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, hizi ni khabari za mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Imamu Shafi, Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Ghazali, aliyepewa lakabu ya Hujjatul-Islam, yaani Hoja ya Uislamu. Fadhila zake ni nyingi, na inayokusudiwa hapa khasa ni moja: namna alivyowafundisha Waislamu kupima hoja, wajue neno lipi lafuata kwa haki baada ya maneno mawili, na lipi lafanana na haki nalo si haki.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra (1058 Miladi) katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, upande ambao leo umo katika Iran. Baba yake alikuwa maskini. Husimuliwa kwamba alikuwa akisokota sufu na kuiuza. Alipokaribia kufa aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja katika Masufi, akamwachia fedha kidogo za kuwasomeshea. Fedha zilipokwisha, yule Sufi akawashauri waingie madrasa, kwani huko wanafunzi hupata chakula chao. Basi mlango wa ilimu ukafunguliwa kwa njaa.

Akasoma fikihi kwa Sheikh Ahmad Radhakani, kisha akasafiri kwenda Jurjan. Husimuliwa kwamba katika kurejea kwake wanyang'anyi waliuvamia msafara, wakachukua kila kitu pamoja na mfuko wa daftari alizoandikia masomo. Akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie daftari, kwani ndani yake ndimo ilimu yake ilimo. Yule mtu akamcheka, akamwuliza ni ilimu gani hiyo ambayo mfuko ukichukuliwa mwenyewe hubaki hanayo, kisha akamrudishia. Ghazali akayafanya maneno ya mwizi kuwa mawaidha, akakaa Tus miaka mitatu akahifadhi yote yaliyomo.

Baadaye akaenda Nishapur, akasoma kwa Imamul-Haramayn Juwayni fikihi, usuli, ilimu ya kalamu na mantiki, mpaka alipokufa mwalimu wake mwaka 478 (1085). Hapo akaenda kwa waziri Nizamul-Mulk, akajadiliana na wanavyuoni katika baraza yake, akawashinda. Mwaka 484 (1091) waziri akampa kiti cha kufundisha katika madrasa ya Nizamiya, Baghdad. Umri wake ulikuwa miaka 34 tu, na wanafunzi wake wakafika mia tatu.

KUTAFUTA KWAKE YAKINI

Ghazali hakutosheka na kujua yale yasemwayo na watu. Alitaka yakini isiyotikisika: kwamba mtu akijua kuwa kumi ni zaidi ya tatu, kisha akaja mwingine akadai kuwa tatu ndiyo zaidi, naye akaigeuza fimbo yake kuwa nyoka mbele ya macho ya watu, basi aliyejua atastaajabu kwa kitendo kile wala hataingiwa na shaka katika hesabu. Akayapima yote aliyoyajua kwa kipimo hicho, hata akapatwa na shaka katika mambo ya asili kabisa, akakaa na maradhi hayo muda wa kiasi cha miezi miwili. Hakuponywa kwa hoja, maana kila hoja yahitaji msingi, na msingi ndio uliokuwa na shaka. Aliponywa kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia katika kifua chake.

Kisha akasoma vitabu vya wanafalsafa peke yake, bila ya mwalimu, katika saa za faragha baada ya kufundisha. Akaandika kitabu cha kueleza makusudio yao, kisha mwaka 488 (1095) akamaliza Tahafutul-Falasifa, yaani kuporomoka kwa wanafalsafa. Humo alionyesha kwamba katika mambo ya Uungu hawakutimiza masharti waliyoyaweka wao wenyewe katika mantiki. Lakini hakuitupa mantiki yenyewe, ingawa aliyeipanga alikuwa Aristu, Myunani; kwani mantiki ni chombo kama mizani, na mizani haiharibiki kwa kutengenezwa na asiyekuwa Mwislamu. Akaandika Miyarul-Ilm na Mihakkun-Nadhar ili kuwaeleza wenzake chombo hicho.

KIASI CHA MANTIKI

Kiasi, katika istilahi ya mantiki, ni maneno mawili yakikubaliwa hulazimisha la tatu. Maneno mawili huitwa mukadima, na la tatu huitwa natija. Mfano wake: kila kilevi ni haramu, kila tembo ni kilevi, basi kila tembo ni haramu. Neno kilevi limekuja mara mbili, nalo ndilo liunganishalo tembo na haramu, kisha halionekani katika natija. Hilo huitwa haddi ya kati, na atakaye kuijua hoja na aanze kwa kulitafuta.

Lakini kukariri kwa neno hakutoshi. Akisema mtu: kila papa huogelea, na kila bata huogelea, basi kila bata ni papa, watoto watamcheka. Vitu viwili vyaweza kushiriki sifa moja na kila kimoja kikabaki mbali na mwenziwe. Vilevile akisema: baadhi ya wavuvi ni mahujaji, na baadhi ya mahujaji ni matajiri, haifuati kwamba baadhi ya wavuvi ni matajiri, kwani huenda mahujaji wale si hawa. Ndiyo maana wenye fani wakasema: katika mukadima mbili za baadhi hapana natija, wala katika mukadima mbili za kukanusha.

Hata leo katika mitihani ya akili wanafunzi hupewa maneno mawili wakaulizwa kama la tatu lafuata. Katika mtihani huambiwa wayachukue maneno yale kuwa ni kweli, watazame umbo tu. Katika dini na katika maisha haifai kukomea hapo. Ghazali alifundisha kwamba hoja ina umbo na ina maada, kama nyumba: mjenzi akiwa hodari na boriti zikawa mbovu, nyumba itaanguka. Tazama hoja ya Iblis: mimi ni wa moto, na aliye wa moto ni bora kuliko aliye wa udongo, basi mimi ni bora kuliko Adam. Umbo limenyoka, ubovu uko katika mukadima aliyoizua kwa kiburi.

KUTOKA KWAKE BAGHDAD

Katika mwezi wa Rajab mwaka 488 mizani ile ikamgeukia mwenyewe. Akaitazama nia yake katika kufundisha, akaona kuwa haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali ilisukumwa na jaha na sifa. Mukadima zote mbili alikuwa nazo: kwamba amali isiyokuwa ya Mungu haimfai mtu akhera, na kwamba amali yake ndiyo hiyo. Natija ilikuwa wazi, lakini nafsi ilikataa kuifuata. Akakaa karibu miezi sita leo akiazimu kuondoka, kesho akivunja azimio, hata ulimi wake ukafungika, asiweze kufundisha neno moja, na chakula kikamshinda. Matabibu wakakata tamaa naye.

Katika Dhulkaada akagawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akatoka kwenda Damascus, kisha Baitul-Mukaddas, kisha Makka na Madina. Katika miaka ile ya upweke ndimo alimoandika Ihyau Ulumid-Din.

MIZANI ILIYOMO KATIKA KURANI

Wakati ule Mabatini walikuwa wakidai kwamba akili za watu hukhitalifiana, basi hapana njia ila kumfuata imamu wao aliyehifadhiwa na makosa. Ghazali akawajibu kwa kitabu Al-Kistasul-Mustakim, akaonyesha kwamba mizani ya kupimia haki imo ndani ya Kurani yenyewe. Nabii Ibrahim alimhoji Namrudhi kwa jua: awezaye kulichomoza jua ndiye Mungu, Mola wangu ndiye alichomozaye, basi yeye ndiye Mungu, si wewe. Na alipoutazama mwezi: mwezi hutua, Mungu hatui, basi mwezi si Mungu. Na katika hoja ya umoja: lau wangalikuwako miungu wengine, mbingu na ardhi zingaliharibika, hazikuharibika, basi hawako. Mwenye kuzishika mizani hizi hatekwi na mdai kwa kilemba chake wala kwa wingi wa wafuasi wake.

KUREJEA NA KUFA KWAKE

Mwaka 499 (1106) alirejea kufundisha Nishapur. Mwaka 503 (1109) akamaliza Al-Mustasfa katika usuli wa fikihi, akakitangulizia mlango wa mantiki, akasema kuwa asiyeijua ilimu zake hazina kutegemewa. Kwa neno hilo alilaumiwa na Ibn Salah, aliyekufa mwaka 643 (1245), naye Imamu Nawawi akaharimisha kujishughulisha na mantiki. Wote wawili ni katika wakubwa wa madhehebu yake mwenyewe. Lakini wengi waliokuja baadaye waliijuzisha kwa mwenye akili timamu aliyekwisha kuishika Kurani na Suna, kama alivyotunga Akhdari katika Sullam. Na fikihi yake haikuachwa: Al-Wajiz yake ilisherehewa na Rafii, naye Nawawi akaufupisha Muharrar wa Rafii ukawa Minhaj, kitabu kisomwacho katika darsa za pwani hii.

Alikufa Tus, Jumatatu, tarehe 14 Jumadal-Akhira mwaka 505 (18 Desemba 1111), umri wake miaka 55. Husimuliwa kutoka kwa ndugu yake Ahmad kwamba asubuhi ile alitawadha, akasali, akaitaka sanda yake, akaibusu na kuiweka juu ya macho yake, akajinyosha kuelekea Kibla, akafa kabla ya jua kupanda. Aliyekuwa hodari wa hoja katika zama zake hakuchukua kaburini hoja aliyomshindia mtu, ila ile aliyoishindia nafsi yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu, atunufaishe kwa ilimu yake, na atupe akili ya kuijua haki na nguvu ya kuifuata. Amin.