Paul Ehrlich, mtu aliyezipa majina chembe nyeupe za damu

Huenda umewahi kumpeleka mtoto mwenye homa na kikohozi hospitalini, ukatoka maabara na karatasi ya kipimo cha FBP. Juu kuna idadi ya chembe nyeupe za damu. Chini yake idadi hiyo imegawanywa: neutrofili, limfosaiti, monosaiti, eosinofili, basofili. Wengi tunaangalia namba ya kwanza tu, tukaikunja karatasi. Leo nakuletea habari za mtu aliyewezesha mgawanyo huo, kwani mistari hiyo midogo humsaidia daktari kukisia mgonjwa wa mafua makali au UVIKO-19 anaelekea wapi.

Paul Ehrlich alizaliwa 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, uliokuwa chini ya Prussia na leo uko Poland. Binamu yake, daktari Karl Weigert, alikuwa akitia rangi vipande vya viungo vya mwili ili vionekane vizuri kwenye hadubini. Rangi zenyewe zilikuwa za viwandani, za kutia kwenye vitambaa. Kijana Ehrlich alizipenda mno. Hata tasnifu yake ya udaktari, mwaka 1878, ilihusu rangi.

Akaajiriwa hospitali ya Charité, Berlin. Hapo alitandaza tone la damu juu ya kioo mpaka likawa jembamba, akalikausha kwa joto, kisha akalitia mchanganyiko wa rangi. Chembe zikajitenga zenyewe, kila aina ikinywa rangi yake. Zilizonywa eosini, rangi nyekundu, akaziita eosinofili. Wapo waliokwisha kuona kabla yake kwamba chembe nyeupe hazifanani, lakini njia nyepesi ya kuzitenganisha na kuzihesabu ilikuwa haijapatikana. Tangu hapo daktari hakuuliza tena ni ngapi tu, aliuliza na ni zipi.

Jioni ya 24 Machi 1882 alikuwa ukumbini Robert Koch alipotangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. (Ndiyo maana tarehe hiyo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.) Ehrlich alirudi maabara akaanza kutafuta rangi bora ya kukionyesha, na akaipata. Njia yake, iliyoboreshwa na wengine baadaye, imetumika miaka mingi kupima makohozi, hata huku kwetu. Miaka sita baadaye alipima makohozi yake mwenyewe, akakikuta kijidudu kilekile. Akaenda Misri na mkewe Hedwig kutafuta hewa kavu, akarudi 1889 akiwa amepata nafuu.

Kazi iliyofuata ilihusu dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwaziba watoto koo hadi kufa. Emil von Behring alikuwa na dawa iliyotokana na damu ya wanyama waliokingwa, ila nguvu yake ilibadilika kutoka chupa hadi chupa. Ehrlich akatengeneza kipimo cha kuijua nguvu hiyo, ili mtoto asipewe maji matupu. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ilya Mechnikov kwa kazi yao juu ya kinga ya mwili. Dawa yake ya kaswende, Salvarsan, iliyofuata punde, ndiyo iliyomfanya ajulikane hata na wasiosoma sayansi.

Mimi navutiwa zaidi na mbuzi wake. Karibu na mwaka 1900, yeye na wenzake waliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Wanyama hao wakatengeneza kingamwili dhidi ya damu ya wenzao, lakini si dhidi ya damu yao wenyewe. Akahitimisha kwamba mwili una namna ya kujizuia usijishambulie, na kizuizi hicho kikishindwa hatari ni kubwa. Wengi waliomfuata walishika nusu ya kwanza tu, wakaamini jambo hilo halitokei.

Alifariki 20 Agosti 1915, miaka mitatu kabla ya mafua makuu ya 1918. Madaktari wa wakati ule, wakitumia njia alizowaachia, waliona chembe nyeupe za wagonjwa wengi zikiwa chache kuliko kawaida. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia, jambo linalofanana na hilo lilijirudia: wagonjwa ambao limfosaiti zao zilishuka sana huku neutrofili zikipanda walikuwa ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuzidiwa.

Mwaka huohuo watafiti walipima damu za wagonjwa 987 waliokuwa mahututi kwa nimonia ya UVIKO-19. Watu 101, karibu wote wanaume, walikuwa na kingamwili zinazozima intaferoni, kemikali ambayo mwili huitumia kupigana na virusi tangu mwanzo. Miongoni mwa 663 waliougua kidogo au bila dalili hakupatikana hata mmoja. Kizuizi cha Ehrlich kilikuwa kimeshindwa, na kwa baadhi yao kilishindwa kabla hawajaambukizwa. Kipimo hicho bado hukikuti katika hospitali ya wilaya. FBP unaikuta.

Basi ukiwa na karatasi ya mwanao, usiisome kwa kulinganisha na yako. Mtoto mdogo mwenye afya njema kwa kawaida ana limfosaiti nyingi kuliko neutrofili, na hali hiyo hugeuka akifikisha takriban miaka minne au mitano. Muulize daktari kama namba hizo ni za umri wake. Kama kipimo kimerudiwa, uliza zimepanda au zimeshuka tangu juzi.

Wala usisubiri majibu ya maabara kama pumzi yenyewe imebadilika. Mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Ukizifikia hizo, au ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au amekataa kunyonya, mpeleke usiku huohuo.